Mkojo, damu na jedwali la misimbo: nani anashika nini katika utafiti wa afya Lubumbashi

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu watoto wanaozaliwa na kasoro za mwili hapa Lubumbashi haukukosa chupa za sampuli. Kati ya mwaka 2013 na 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, na wenzao wa Ubelgiji walichukua watoto 138 waliozaliwa na kasoro zinazoonekana kwa macho, wakawalinganisha na 108 waliozaliwa bila kasoro. Wakakusanya mkojo wa mama, damu yake, damu ya kitovu, hata kondo la nyuma, wakapima kobalti, manganizi na metali nyinginezo. Lakini jambo lililotenganisha makundi hayo mawili kwa nguvu kuliko yote halikutoka kwenye chupa hata moja. Lilitoka kwenye dodoso, pale mama alipoulizwa baba wa mtoto anafanya kazi gani. Watoto ambao baba zao walikuwa na kazi ya madini walikadiriwa kuwa na uwezekano wa kasoro mara tano na nusu kuliko wengine. Watu walikuwa wachache, kwa hiyo makadirio yenyewe ni mapana mno: yanaanzia juu kidogo ya mara moja na kufika mara 25. Hata hivyo, bila swali lile moja, friza nzima ya sampuli ingebaki kimya.

Mtaani tunauliza nusu tu ya swali. Timu ya utafiti ikipita Katuba au Ruashi, ikiingia lupango kwa lupango, yaani uwanja wa nyumba mmoja baada ya mwingine, utasikia: damu yetu wanaipeleka wapi? Swali hilo lina mizizi mirefu Katanga. Wazee wamekua na simulizi za mutumbula, yule wa usiku aliyesemekana kuwakamata watu enzi za Wabelgiji, na mtu anayefika na koti jeupe na sindano anakuta simulizi hizo zimeshatangulia mlangoni. Mimi sioni sababu ya kuwacheka wanaouliza. Naona tu kwamba wanaifuata chupa kwa macho na kuiacha karatasi ipite. Damu isiyo na habari za mtu aliyeitoa haimsaidii mtafiti, na wala haimdhuru aliyeitoa. Ikishaunganishwa na umri wake, mtaa wake, kazi yake na magonjwa yake, hapo ndipo faida inapoanza, na hatari nayo inaanzia hapohapo.

Tuifuate chupa moja ya mkojo, maana Lubumbashi ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 2009 timu ya UNILU na ya Chuo Kikuu cha Leuven ilitoa matokeo ya watu 351 wa Katanga: baadhi waliishi chini ya kilomita 3 kutoka kwenye migodi au viwanda vya kuyeyusha madini, baadhi kati ya kilomita 3 na 10, na kundi dogo mbali kabisa, kama kilomita 400 kutoka eneo la madini. Kobalti katika mkojo wa waliokaa karibu ilikuwa ya juu kuliko ilivyowahi kuripotiwa popote duniani kwa watu wa kawaida wasiokuwa wafanyakazi wa viwandani. Sentensi hiyo moja imenukuliwa sana. Ni wachache wanaojiuliza ilichukua nini kuifikia.

Kwanza, vumbi. Katika mji ambao kobalti iko kwenye udongo, kwenye majani ya lengalenga na juu ya meza, mkono usionawa unaweza kuongeza kobalti ndani ya chupa kabla maabara haijaigusa. Kwa hiyo mtu ananawa kwanza, na chupa inakuwa ya plastiki iliyohakikiwa kuwa haina metali. Anayekusanya anaandika siku, saa na mahali. Zinatengwa pia chupa zenye maji safi ambazo zinasafirishwa njia ileile na kupimwa vilevile. Zikikutwa na kobalti, inajulikana kwamba uchafu umeingia njiani.

Pili, maji. Mtu aliyekunywa maji mengi mchana wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, anatoa mkojo mwepesi, na kobalti yake itaonekana ndogo. Aliyeshinda juani bila kunywa atatoa mkojo mzito. Ili wawili hao walinganishwe kwa haki, inapimwa pia kreatinini, taka ambayo misuli huitoa kwa kiwango kinachobadilika kidogo tu siku kwa siku, kisha kobalti inahesabiwa kwa kila gramu ya kreatinini. Lakini mtoto ana misuli midogo kuliko mtu mzima, kwa hiyo kreatinini yake ni ndogo, na hesabu ileile itamwonyesha kuwa na kobalti nyingi zaidi. Umri wake usipoandikwa vizuri, namba hiyo itasomwa vibaya. Unaona jinsi chupa inavyozidi kuitegemea karatasi.

Tatu ni baridi, na hapa watu wengi wana picha isiyo kamili. Wanadhani kila sampuli lazima ikae kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na kwamba umeme ukikatika, na Lubumbashi unakatika, kila kitu kimekwisha. Kobalti haiozi. Ni elementi, ikikaa kwenye joto siku mbili inabaki kobalti, ingawa mkojo wenyewe utaharibika na baadhi ya metali zinaweza kushikamana na kuta za chupa. RNA ya virusi, yaani vinasaba vyake, ni kitu kingine kabisa: inavunjika haraka, na kila mara sampuli inapoyeyuka na kugandishwa tena, sehemu nyingine inapotea. Protini nyingi nazo hazipendi mchezo huo. Ndiyo maana fundi mzuri hagandishi mrija mmoja mkubwa. Anaigawa damu au mkojo katika mirija midogo mingi, ili kila kipimo kipya kitumie mrija wake na mingine iendelee kulala. Kwenye rejista, kila mrija unabeba historia yake: umetoka kwa sampuli gani, uko rafu ipi na sanduku lipi, umeyeyushwa mara ngapi, nani aliutoa. Benki ya sampuli yenye jenereta na friza mpya lakini isiyo na rejista hiyo ni ghala la barafu tu.

Vilevile kuna damu isiyohitaji friza kubwa. Tone kutoka kwenye kidole linadondoshwa kwenye karatasi maalumu, linakaushwa usiku kucha, linawekwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Kwa nchi yetu, yenye barabara hizi, karatasi hiyo imefanya kazi kubwa kuliko mashine nyingi za bei. Katika Uchunguzi wa Demografia na Afya wa mwaka 2007, damu ya namna hiyo ilikusanywa nchi nzima ili kujua kiwango cha virusi vya UKIMWI. Baadaye mabaki ya madoa yaleyale yakapimwa malaria kwa njia ya vinasaba, na ikaonekana kwamba karibu theluthi moja ya watu wazima waliopimwa walikuwa na vimelea vya malaria ndani ya damu, wengi bila habari. Hakuna aliyekusudia jambo hilo siku damu ilipotolewa. Ndivyo benki ya sampuli inavyolipa: swali jipya linakutana na damu ya zamani.

Mfano mkubwa kuliko wote wa damu ya zamani ni wa kwetu. Damu iliyochukuliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1959 kwa utafiti wa mambo mengine kabisa, ilitoa chembechembe za HIV zilizochapishwa mwaka 1998. Kipande cha tezi kilichohifadhiwa ndani ya nta Kinshasa tangu mwaka 1960 kikatoa nyingine, zilizochapishwa mwaka 2008. Wanasayansi walipolinganisha vinasaba vya virusi hivyo viwili, walikadiria kwamba janga lilianza kuenea kwa watu mwanzoni mwa karne ya 20, miaka mingi kabla ya yeyote kulipa jina. Kuhusu watu wawili waliotoa sampuli hizo, karibu hakuna kinachojulikana. Tarehe na mji vimetosha kuandika upya historia ya ugonjwa. Ila hakuna anayeweza kuziambia familia zao chochote, wala kuziomba ruhusa.

Hapo tunaingia kwenye kiini. Utafiti uliopangwa vizuri unatenganisha vitu vitatu. Fomu ya ridhaa ina jina na sahihi, au alama ya kidole gumba pamoja na sahihi ya shahidi. Dodoso lina msimbo tu. Chupa nayo ina msimbo, siku hizi mara nyingi kama msimbo pau unaosomwa na mashine, ili mkono uliochoka usiandike 6 badala ya 0. Kinachounganisha jina na msimbo ni jedwali moja, na jedwali hilo linatakiwa kukaa peke yake: kwenye mashine nyingine, chini ya mtu mwingine, kwa neno la siri lingine. Anayepima kobalti hajui ni ya nani. Anayechambua takwimu hajui. Mmoja au wawili tu ndio wanajua, na majina ya vyeo vyao yameandikwa kwenye mpango wa utafiti uliopitishwa na kamati ya maadili.

Je, jedwali lichomwe? Watu wa sheria hupenda jibu la haraka: ndiyo, lichomwe, siri ibaki siri. Kuna tafiti zilizofanya karibu hivyo. Katika tafiti za kidemografia za miaka ile, kipimo cha UKIMWI kiliunganishwa na majibu ya dodoso baada tu ya ukurasa wenye utambulisho wa kaya kuharibiwa. Matokeo yakawa hayana mwenyewe. Kwa ugonjwa uliobeba aibu kubwa namna ile, naelewa. Lakini gharama yake ilikuwa kwamba mtu aliyekutwa na virusi hakuweza kuambiwa. Alipewa tu maelekezo ya kwenda kupima mwenyewe bure kwenye kituo. Jedwali likishaharibiwa, mtu hawezi kuambiwa jibu lake, hawezi kufuatwa baada ya miaka mitano kuona kama figo zake zimebadilika, na hawezi hata kujitoa. Akija kesho kusema “nimebadili mawazo, naomba mkojo wangu umwagwe,” hakuna atakayejua ni chupa ipi.

Mwenye shaka aangalie kilichotokea Kikwit. Mlipuko wa Ebola wa mwaka 1995 uliacha watu waliopona. Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo, na wenzake walijua ni akina nani na wanaishi wapi. Miaka 11 baada ya ugonjwa, damu ya mmoja wao ilichukuliwa tena, na kutoka kwenye seli zake wanasayansi wa Marekani na Uswisi wakatoa kingamwili, yaani protini ya mwili inayopambana na virusi, iliyoitwa mAb114. Ikajaribiwa wakati wa mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, katika jaribio lililoanza Novemba 2018 likihusisha wagonjwa 681 na dawa nne. Kati ya waliopewa mAb114 walikufa kama asilimia 35. Kati ya waliopewa dawa ya zamani iliyotumika kama kipimo cha kulinganishia, kama asilimia 50. Desemba 2020 Marekani iliiidhinisha. Kama orodha ya waliopona Kikwit ingechomwa mwaka 1996 kwa kulinda siri, dawa hiyo isingepatikana kwa njia ile. Na hadithi hiyohiyo inazaa swali ambalo Wakongomani wana haki ya kuliuliza kwa sauti: dawa imetokana na damu ya mtu wa Bandundu, haki za kuitengeneza ziko kwa kampuni ya Marekani, je, mikataba ilisema nini kuhusu bei na upatikanaji siku damu ile ilipovuka bahari?

Kwa hiyo jedwali halipaswi kuchomwa ovyo, lakini kulificha tu hakutoshi. Mtu anaweza kutambuliwa bila jina. Mtafiti wa Marekani, Latanya Sweeney, alionyesha mwaka 2000 kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta vinatosha kumbainisha mtu mmoja pekee kwa asilimia 87 ya wakazi wa nchi ile. Hatuna namba za posta zinazotumika hivyo, lakini tuna vitu vikali kuliko hizo. Fikiria faili lisilo na jina linalosema: mwanamke, miaka 34, avenyu fulani ya Kampemba, mume anaosha madini mtoni, watoto sita, mmoja alizaliwa na mdomo uliopasuka. Jirani yake angehitaji sekunde ngapi? Kasoro adimu, kazi adimu na mtaa mdogo vikikutana kwenye mstari mmoja, msimbo unakuwa pambo.

Watu wa takwimu wana mbinu za kupunguza hatari hiyo. Umri kamili unageuzwa kuwa kundi, kati ya 30 na 39. Avenyu inageuzwa kuwa komini. Tafiti za demografia zinasogeza makusudi alama ya GPS ya kila eneo kabla ya kuitoa kwa watafiti: hadi kilomita 2 mjini, hadi 5 vijijini, na maeneo machache ya vijijini hadi 10. Sasa rudi kwenye kobalti. Utafiti wote ulitegemea kujua nani yuko ndani ya kilomita 3 za kiwanda. Ukisogeza nyumba kilomita 2 ili kulinda siri, umeshavuruga lile ulilotaka kupima. Hakuna programu inayoondoa mgongano huo. Kinachofanyika ni kwamba kipimo cha umbali kinahesabiwa ndani, na watu wachache wenye ruhusa, kisha faili linalotoka nje linabeba “karibu” au “mbali” tu, bila ramani.

Nani angetaka kujua? Katika mji wa madini orodha si fupi. Mwajiri angependa kujua ni nani mwenye metali nyingi mwilini kabla hajadai fidia. Wakili wa upande wa pili angependa pia. Mwanasiasa anaweza kutaka namba za mtaa wa mpinzani wake. Na kuna mkwe, ambaye wanamethodolojia huwa wanamsahau. Tangu Machi 2023 nchi ina Code du numérique, yaani kanuni za mambo ya kidijitali, sheria-amri namba 23/010, inayogusa ulinzi wa data binafsi na kuzitazama data za afya kama data nyeti. Ni hatua. Utekelezaji wake katika kliniki yenye kompyuta moja inayotumiwa na watu watano kwa neno la siri lililobandikwa kwenye skrini ni habari nyingine.

Ridhaa nayo ina mafundo yake. Fomu inaandikwa Kifaransa, inatafsiriwa kwa Kiswahili cha vitabu, kisha mhoji anaisoma kwa Kiswahili cha Lubumbashi akiwa amesimama juani. Njiani inapungua. Kubwa kuliko lugha ni upana wa ruhusa. Ridhaa finyu inasema: mkojo huu utapimwa metali, basi. Ridhaa pana inasema: mkojo huu utatunzwa na kutumika kwa tafiti zijazo za afya ambazo kamati itaziruhusu. Madoa ya damu ya 2007 yasingepimwa malaria chini ya ridhaa finyu kabisa. Azimio la Taipei la Chama cha Madaktari Duniani, la mwaka 2016, linakubali ridhaa ya matumizi yasiyojulikana bado, mradi mtu aelezwe kusudi la hifadhi, muda wake, nani anaiongoza, matokeo yatarudishwaje na anavyoweza kujitoa. Binafsi naona ridhaa pana inafaa, kwa sharti moja ambalo fomu nyingi hulipitia mbio: iliyo pana iwe ni mada ya utafiti, si orodha ya watu wanaoweza kupewa data.

Afrika Kusini iliwahi kuonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kulipuka. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Stellenbosch kilidai kurudishiwa sampuli kutoka taasisi ya Wellcome Sanger ya Uingereza, kwa hoja kwamba zilikuwa zikitumika nje ya makubaliano, katika mpango wa kutengeneza chombo cha kibiashara. Taasisi hiyo ilikanusha kutenda kosa. Mzozo haukuwa juu ya nani ana friza. Ulikuwa juu ya mkataba wa kuhamisha sampuli, karatasi inayosema zinakwenda kwa nani, kwa kipimo gani, kwa muda gani, na kama zinaweza kupewa mtu wa tatu. Sampuli zetu za metali zimepimwa Ubelgiji kwa sababu mashine za kupima kiasi kidogo namna hiyo ni ghali na zinahitaji umeme na gesi visivyokatika. Hilo si wizi. Lakini mkojo ukishapimwa, mabaki yake yanarudi, yanamwagwa au yanabaki? Jibu linatakiwa kuwa limeandikwa kabla ndege haijaruka.

Nisiloliona likijadiliwa vya kutosha ni siku mradi unapokwisha. Fedha za utafiti mara nyingi huja kwa miaka mitatu hadi mitano. Zikiisha, friza inabaki ikila umeme, mhoji anapata kazi kwenye shirika lingine, na jedwali la misimbo linabaki kwenye kompyuta ya mwanafunzi wa udaktari ambaye ameshatetea tasnifu yake. Mirija inaendelea kuwepo, lakini hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni ya nani. Au kinyume chake: sampuli zimeshaharibika kwa kukatika umeme, huku jedwali lenye majina, mitaa na vipimo likizunguka kwenye ufunguo wa USB. Hali ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa sayansi imekufa na hatari imebaki hai.

Kwa hiyo timu ikigonga lupango lako, na maelezo yao yakakuridhisha, toa mkojo. Ila kabla ya kidole gumba kugusa wino, muulize mhoji jedwali la majina litakaa kwa nani mradi ukiisha, na kama kipimo chako kikitoka juu, ni nani atarudi kukuambia. Kama hajui, kuna namba ya simu ya kamati ya maadili kwenye nakala ya fomu anayopaswa kukuachia. Nakala hiyo ni yako. Usikubali aondoke nayo.